SAA NYEMBAMBA, TUMBO NENE

Kijana wa Manzese, Tandale, Mbagala na Tandika, hebu itazame hiyo saa uliyovaa. Nene, inang'aa kama sufuria ya harusi, umeipata kwa machinga Kariakoo, na hayo maandishi ya Rolex yatafutika kabla ya masika. Hatukucheki. Tunachotaka ujue ni kwamba mwenye fedha za kweli havai hivyo.

Yeye huvaa saa nyembamba, kuukuu, ya kutia ufunguo. Vacheron Constantin wa Uswisi walitoa mtambo wa unene wa milimita 1.64 mwaka 1955. Piaget wakatoa wao wa milimita 2 mwaka 1957. Mwaka 1967, sisi huku tukiandamana kuunga mkono Azimio la Arusha, Audemars Piguet walitoa unaojitia ufunguo wenyewe kwa mtikisiko wa mkono, milimita 2.45 tu! Vyuma vyake ni vyepesi kama magamba ya dagaa. Fundi akikosea kidogo, saa imesimama. Ndiyo maana ni adimu, na iliyo nzuri bei yake inajenga nyumba Mbagala.

Ubaya wake ni kwamba haionekani. Inateleza chini ya mkono wa shati, basi. Machi 2024 huko Peru, polisi walivunja mlango wa nyumba ya Rais wa wakati huo, Dina Boluarte, wakisaka saa za Rolex. Waandishi walikuwa wameziona pichani. Mama akajitetea kwamba aliazimwa na rafiki. Rolex inajitangaza yenyewe. Ya milimita 2 nani angeiona?

Na hapa kwetu je? Azimio liliwakataza viongozi hisa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, kamba ikalegezwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ilipotungwa iliwataka vigogo waorodheshe mali zao, lakini ikaziacha nje zile za matumizi binafsi zisizo za biashara. Sasa saa ni nini kama si matumizi binafsi? Chumba cha kupangisha Temeke kiandikwe, nyumba nzima iliyofungwa mkononi isiandikwe!

Mgombea akija mtaani kwako kuomba kura, pokea fulana yake ukitaka. Akikupa mkono, ushike vizuri, mkunje shati kwa heshima, umuulize mbele ya watu: mzee, hii nani kakupa?