Konokono Aliyepanda Bila Tiketi

Flashi ya mtu huichomeki kwenye kompyuta kabla ya kuikagua virusi, sivyo? Mbona basi mimea ya tangi la samaki tunaitumbukiza hivi hivi? Mimi nilifanya hivyo hapa Embu. Baada ya muda nikakuta kichala cha mayai ya pinki kwenye kioo, juu ya maji. Hiyo ndiyo alama ya yule konokono wa Amerika Kusini anayekula mpunga, aliyegunduliwa Mwea mwaka 2020, hapa jirani tu.

Nilivaa glavu, nikaponda mayai, nikamsaka mama yao.

Wenzangu wa Embu na Meru, mimea mipya ikae kwanza kwenye ndoo yenye kifuniko, wiki kadhaa. Maji yake usimwage mtoni. Akishaingia huko, hakuna Ctrl+Z.