STRAIKA BILA MKATABA NI KULI TU

Ndugu msomaji, wewe unayeshinda kijiweni ukibishana straika gani mkali na yupi galasa, leo weka kikombe cha kahawa chini unisikilize. Magoli ya Mbwana Samatta unayajua kwa kichwa. Unajua alivyomtungua kipa wa Liverpool pale Anfield Novemba 2019 akiwa na Genk ya Ubelgiji. Unajua kile kichwa cha fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Machi 1, 2020, akiwa na Aston Villa. Sasa niambie: mkataba wake na Villa ulikuwa wa muda gani?

Umenyamaza. Hapo ndipo tunapoliwa.

Ulikuwa wa miaka minne na nusu. Alisaini Januari 2020, na ilipofika Septemba mwaka huohuo tayari alikuwa Fenerbahçe ya Uturuki. Mechi 14 za Ligi Kuu ya Uingereza, goli moja, kwaheri. Vijiweni tukalia kwamba kijana wetu kabaniwa. Lakini mbona hakurudi nyumbani na begi begani? Kwa sababu karatasi ilikuwa bado na miaka yake. Klabu haikuweza kumtema kama ganda la muwa, ikabidi atafutiwe pa kwenda. Huyo ndiye straika wa kulipwa, ndugu yangu. Hata siku magoli yanapogoma, analala amekula.

Mimi mwenzako nililala njaa. Nilikuwa namba tisa wa mchangani hapahapa Dodoma, kwenye vile viwanja ambavyo upepo ukivuma mwezi wa nane humwoni kipa wako mwenyewe kwa vumbi. Nilipomaliza kidato cha nne, timu moja ya mkoa wa jirani ikanifuata. Jina silitaji. Kiongozi wao alikuja na pikipiki, akampa bibi yangu kilo tano za sukari, akanipa mimi jezi na nauli. Nikamuuliza habari za kusaini. Akacheka: "Dogo, wewe njoo ufunge, mambo ya makaratasi tutayamaliza hukohuko." Nikaona nimeula!

Tulilala wanne chumba kimoja. Posho ilikuwa ikija leo, kesho haipo. Nilifunga magoli sita, watu wakanibeba mabegani sokoni, mama mmoja akawa ananipa maandazi bure kila asubuhi. Mechi ya ugenini goti likageuka. Kesho yake kiongozi yuleyule akaniambia, bila hata kuketi, kwamba jina langu halimo kwenye orodha ya wachezaji wa timu, kwa hiyo matibabu hayawahusu. Yale magoli sita nilikuwa nimefunga kwa leseni ya mtu mwingine. Nilirudi Dodoma kwa lifti ya lori la mahindi, mguu nimeunyoosha juu ya magunia.

Usinihurumie. Nilikuwa na umri wa miaka 19 na niliambiwa ukweli mchana kweupe, sikusikia. Ninachouliza ni kwa nini hata leo, hela zimejaa kwenye mpira wetu kuliko zamani, kijana wa mkoani bado anachukuliwa kama kuku wa mnadani.

Tazama Simon Msuva. Alitoka Yanga mwaka 2017 akaenda Difaa El Jadida ya Morocco, kisha mwaka 2020 akasajiliwa na Wydad Casablanca, si timu ya kichochoroni ile, ndiyo iliyobeba ubingwa wa Afrika mwaka 2022. Wakamkalia na haki zake. Akaondoka, akafungua shauri FIFA. Alipokuwa nyumbani hana timu, nani kati yetu hakusema Msuva kaisha, kaharibu maisha kwa tamaa? Mimi mwenyewe nilisema. FIFA ikaamua alipwe. Yeye akapata kazi Saudi Arabia, na Januari 21, 2024 ndiye aliyetufungia dhidi ya Zambia kule San Pedro, Ivory Coast, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Wazee watakukumbusha kwamba Peter Tino naye alitupeleka fainali za 1980 kwa goli dhidi ya hao hao Zambia, Ndola, mwaka 1979. Muulize mzee yeyote straika wa enzi hiyo alilipwa nini, atakuhadithia goli tu.

Msuva hakushinda kwa sababu ana bahati. Kanuni ipo. Tangu 2018 FIFA inasema klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili kinyume cha haki, mchezaji anaiandikia barua kuipa siku 15. Siku zikipita hajalipwa, anavunja mkataba na kosa ni la klabu. Lakini anayeweza kuvunja mkataba ni mwenye mkataba. Mimi ningevunja nini, magunia ya mahindi?

Na karatasi ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Feisal Salum, ambaye si straika halisi lakini anafunga, alitaka kuondoka Yanga Desemba 2022. TFF ikasema bado ni mali ya Yanga. Miezi ikapita, kijana hachezi, nchi nzima imegawanyika, mpaka Rais akaingilia kati ndipo Juni 2023 akaenda Azam. Kwa hiyo kusaini bila kusoma nako ni maafa. Je, wewe mtoto wa Chang'ombe au Nkuhungu, Rais atakuulizia nani?

Halafu kuna jambo ambalo viongozi wa timu zetu ndogo hawalijui, au wanalijua wamekaa kimya. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa timu zilizomlea na kumsajili kati ya miaka 12 na 23. Fanya hesabu: kijana akiuzwa shilingi bilioni 10, kila mwaka aliokaa kwako baada ya kutimiza 16 ni shilingi milioni 50. Kwa hela hizo timu ya mchangani inanunua basi. Lakini lazima awe amesajiliwa kwa jina lake. Anayechezesha watoto kwa leseni za kuazima anachoma fedha zake mwenyewe.

Sisi Dodoma tunayo Dodoma Jiji, timu ya Halmashauri, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Ni jambo jema, napiga makofi. (Uwanja wenyewe wa Jamhuri ni mali ya CCM, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani tangu enzi za chama kimoja. Hilo nitalirudia siku nyingine, leo lisinitoe kwenye mstari.) Kwa kuwa timu ni ya Halmashauri, sisi wenye mji tunayo haki ya kuuliza: vitoto vyetu vya miaka 12 na 13 vinavyopiga chandimu kila jioni, vimeandikwa wapi?

Jirani yangu ana mtoto wa miaka 17, mguu wa kushoto kama kombora. Jumamosi anakwenda kwenye majaribio Dar es Salaam, na tayari amejitokeza mjomba asiyejulikana ukoo wake anayesema atamsimamia kila kitu. Nimemwonyesha dogo kanuni: hajafikisha 18, kwa hiyo asikubali kufungwa zaidi ya miaka mitatu, na mzazi awepo. Akanijibu, "Kaka, nikidai mkataba si watasema najisikia?"

Nimempa namba yangu ya simu, nimeiandika kwa kalamu ya wino ndani ya kiatu chake cha kushoto. Anipigie kabla hajashika kalamu yao.