Fishi ya mgonjwa kwenye ordinateri: huyu mgonjwa ni nani?

Mama anafika kwenye santa ya afya na mtoto mwenye homa. Fishi imebaki kule walikokimbia vita. Muganga anaanza upya: jina, miaka, chanjo, dawa alizokunywa. Ni hali tunaijua sana huku Kivu na Ituri.

Ndiyo maana watu wanasema: tuweke fishi kwenye ordinateri. Ni wazo zuri. Lakini kabla ya mashini kuko kazi ingine: kupanga ni habari gani zitaandikwa na vile zitashikana.

Tuanze na jina. Mukongomani ana jina, postinomu na jina la ubatizo. Leo anaandikwa kwa moja, kesho kwa lingine, na mgonjwa mmoja anakuwa wawili. Karte ya uchaguzi inasaidia mkubwa, mtoto hana. OpenMRS, programu ya bure iliyoanza 2004 na inayotumiwa Kenya na Rwanda, inakubali mgonjwa mmoja awe na majina na namba nyingi. Inakubali pia tarehe ya kuzaliwa ya kukadiria. Mama wa Goma akisema mtoto "alizaliwa wakati Nyiragongo ililipuka", muganga anaandika 2021 na kuonyesha kwamba ni makadirio.

Wengine watasema: si serikali iko tayari na DHIS2? Ndiyo, lakini kazi yake kubwa ni kuhesabu: malaria ngapi mwezi huu, wanawake wangapi wamezaa. Kuhesabu wagonjwa si sawa na kumfuata mgonjwa mmoja. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, kila aliyegusana na mgonjwa alifuatwa siku 21. Jina likikosewa, mtu anapotea, na ugonjwa unatembea naye.

Kuko na siri pia. Mwanamke aliyebakwa, mwenye SIDA: nani atafungua fishi yao? Kwenye karatasi, kabati lilikuwa na ufunguo. Kwenye ordinateri, kila mfanyakazi aone tu kile kinachohusu kazi yake, na kila anayefungua jina lake libaki. Sheria ya dijitali ya 2023 inalinda habari za mtu; lakini programu iliyopangwa vibaya inaivunja kila siku.

Kwa hiyo wakati mradi utaleta mashini kwenye zoni yenu ya afya, wakubwa na komite za afya wasiulize tu ni ngapi. Waulize: mkimbizi asiye na karte ataandikwa namna gani? Akihama, fishi itamfuata? Nani ataisoma? Na siku umeme ukikatika, karatasi iko wapi?