Vakyumu isisahaulike wodi ya wazazi

KWA wakazi wa Ilala, kujifungua kwa upasuaji si habari ngeni tena. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyopo Upanga, watafiti walibaini kuwa kati ya mwaka 2000 na 2011 kiwango cha upasuaji huo kilipanda kutoka asilimia 19 hadi 49. Muhimbili hupokea wagonjwa wa rufaa, lakini ongezeko hilo liliwagusa pia wanawake wasio na hatari kubwa.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, kila mama anayekwama katika hatua ya mwisho ya uchungu ni lazima apasuliwe?

Kitaalamu, jibu ni hapana. Ipo vakyumu, kikombe kinachonata kichwani mwa mtoto kwa nguvu ya kufyonza, ambacho mtaalamu hukivuta taratibu kila uchungu unapokuja, huku mama akisukuma. Daktari wa Sweden, Tage Malmström, alikiboresha kifaa hicho katika miaka ya 1950. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na washirika wake wa mwaka 2009 uliiweka huduma hiyo miongoni mwa huduma saba za msingi za dharura ya uzazi, zinazopaswa kupatikana hata pasipo chumba cha upasuaji.

Hata hivyo, usalama wake una masharti. Mlango wa kizazi uwe umefunguka kikamilifu, chupa imepasuka, kichwa kimeshuka vya kutosha na kibofu cha mama ni kitupu. Haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza wiki 34, wala aliyetanguliza makalio au uso. Kikombe kikichomoka mara mbili au tatu, au kichwa kisiposogea, mtaalamu aache kuvuta na mama apelekwe upasuaji. Kung'ang'ania ndiko kunakozidisha hatari ya mama kuchanika vibaya na mtoto kuvuja damu chini ya ngozi ya kichwa.

Aidha, wazazi waelezwe mapema kuwa uvimbe laini wa kikombe kwa kawaida hutoweka wenyewe. Unaoongezeka ndio wa kukimbiliwa.

Upasuaji huokoa maisha unapohitajika, lakini huacha kovu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa watoto 4.8 kwa kila mwanamke nchini. Kwa mama mwenye mimba nyingine mbele yake, kovu huongeza hatari ya kizazi kupasuka au kondo la nyuma kung'ang'ania.

Kununua vifaa pekee hakutoshi, kwani ujuzi usiotumika hupotea. Daktari kijana aliyezoea kuona upasuaji tu, kesho atafundisha upasuaji tu. Wakunga na madaktari, kuanzia Amana hadi vituo vidogo, wanahitaji mazoezi ya mara kwa mara kwa midoli, usimamizi wa wazoefu na kumbukumbu za kila jaribio, pamoja na utaratibu wa rufaa ulio tayari kabla kikombe hakijashikwa. Bila hayo, vakyumu itaendelea kuogopwa na wale wale wanaotakiwa kuitumia.