Nani Anaishi Vizuri Zaidi, Mkenya au Mtanzania?

Mtahiniwa, swali hili utalisikia kwenye daladala, kijiweni na hata darasani. Wengi hulijibu haraka. Mmoja hutaja maghorofa ya Nairobi, mwingine husema Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa takribani Shilingi 20 za Tanzania, na mjadala huishia hapo. Maoni yangu ni kwamba majibu ya aina hiyo hayapimi maisha ya mtu yeyote, na kijana anayeyategemea kupanga maisha yake anaweza kujuta.

Tuanze na sarafu. Yeni moja ya Japani haifikii hata senti moja ya Dola ya Marekani, lakini hakuna anayesema Wajapani ni maskini. Tunachopaswa kutazama ni kile ambacho fedha ya mtu inanunua pale anapoishi: kodi ya chumba, unga, nauli, dawa. Ndiyo maana wataalamu hurekebisha kipato kwa kuzingatia bei za kila nchi kabla ya kukilinganisha.

Pili, tutofautishe dhana mbili ambazo watahiniwa huzichanganya. Kiwango cha maisha ni vitu na huduma ambazo mtu anazimudu kwa kipato chake. Ubora wa maisha ni mpana zaidi: unagusa pia afya, elimu, usalama, mazingira na uhuru. Mtu anaweza kuwa na mshahara mkubwa na bado akaishi kwa hofu au maradhi. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) limekuwa likipima maendeleo ya binadamu kwa kuunganisha mambo matatu: umri wa kuishi, elimu na kipato.

Sasa tuzilinganishe nchi zetu kwa mizani hiyo. Katika ripoti ya UNDP ya 2023/24, kipato cha mtu mmoja kwa mwaka, baada ya kurekebishwa kwa bei, kilikuwa takribani Dola 4,800 nchini Kenya na takribani Dola 2,600 nchini Tanzania. Mtu mzima nchini Kenya alikuwa amesoma kwa wastani wa miaka kati ya 7 na 8, na wa Tanzania kati ya 5 na 6. Hapo Kenya iko mbele waziwazi. Lakini matarajio ya umri wa kuishi yalikuwa takribani miaka 62 Kenya, na takribani 67 Tanzania. Anayetaja kipato peke yake, au umri peke yake, anakupa nusu ya ukweli.

Hata hivyo, takwimu zote hizo ni wastani, na wastani huficha watu. Chukua familia kumi. Tisa zinapata Shilingi 100,000 kila moja kwa mwezi, na ya kumi inapata Shilingi 9,100,000. Wastani wao ni Shilingi 1,000,000, kiasi ambacho hakuna hata familia moja inakipata. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wastani nao haumjui. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha kuwa umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa takribani asilimia 8 Dar es Salaam na asilimia 45 Rukwa. Nchini Kenya nako, maisha ya Nairobi na ya Turkana yako mbali sana. Kwa mtu wa Rukwa au Turkana, tofauti iliyo ndani ya nchi yake inaweza kuwa kubwa kuliko ile iliyo kati ya nchi hizi mbili.

Wapo watakaosema kwamba kipato ndicho msingi, kwa kuwa bila fedha hakuna zahanati wala shule. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kama kipato kikubwa kingeleta maisha marefu chenyewe, Mkenya angetarajiwa kuishi miaka mingi kuliko Mtanzania. Fedha husaidia pale inapofika kwa watu na kutumika vizuri.

Kwa nini jambo hili likuhusu? Baada ya mtihani, baadhi yenu mtaambiwa kwamba ng'ambo ya mpaka kuna mshahara mara mbili. Kabla ya kufunga begi, uliza: kodi ya nyumba ni kiasi gani, nikiugua nitatibiwa wapi, nitabakiwa na nini mwisho wa mwezi? Pia karibuni mtakuwa wapigakura. Mtanzania ana haki ya kuuliza kwa nini miaka ya masomo ya watu wetu bado ni michache. Mkenya ana haki ya kuuliza kwa nini kipato chao kikubwa hakijawapa miaka mingi zaidi ya kuishi. Ulinganishi unaozaa maswali hayo una faida kuliko ule wa kutambiana.

Basi ukikutana na swali la namna hii katika mtihani, taja kigezo unachotumia, toa takwimu za pande zote mbili, kisha eleza unamzungumzia nani: tajiri wa mjini, mkulima wa kijijini, au wastani ambao haukai nyumba yoyote.