UCHAMBUZI: Kisukari si ugonjwa wa wanene peke yao, Kilimanjaro ina la kujifunza Japani

KWA miaka mingi wakazi wa Moshi na vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro wameutazama ugonjwa wa kisukari kuwa ni maradhi ya watu wenye fedha. Aliyeambiwa anao alidhaniwa kuwa ofisa wa serikali, mfanyabiashara wa mjini au mtu mwenye kitambi. Hakudhaniwa kuwa mkulima mwembamba wa Kibosho anayepanda na kushuka mlima kila siku akiwa na mkungu wa ndizi kichwani.

Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la The Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti ulioongozwa na Profesa Donald McLarty, aliyekuwa akifanya kazi Muhimbili, Dar es Salaam. Watu zaidi ya 6,000 wa vijiji sita katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara walipimwa, na waliokutwa na kisukari hawakufikia mtu mmoja kati ya kila 100. Wengi waliyapokea matokeo hayo kama uthibitisho kwamba kijiji kiko salama.

Hata hivyo, utafiti huo huo ulikuwa na habari nyingine ambayo haikuvuma sana. Takriban watu wanane kati ya 100 walikuwa na sukari isiyo ya kawaida baada ya kunywa maji ya glukosi, ingawa hawakuwa wamefikia kiwango cha kuitwa wagonjwa. Kwa maneno mengine, mlango ulikuwa wazi tangu wakati huo.

Picha ilianza kubadilika miaka ya 1990, pale watafiti walipolinganisha wakazi wa Ilala jijini Dar es Salaam na wale wa kijiji cha Shari wilayani Hai. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kuwa asilimia 5.9 ya wanaume wa Ilala walikuwa na kisukari, ikilinganishwa na asilimia 1.7 ya wanaume wa Shari. Kwa wanawake, tofauti ilikuwa asilimia 5.7 kwa 1.1. Unene, kutofanya kazi za nguvu na maisha ya mjini ndiyo mambo yaliyotajwa kuwa chanzo.

Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyo ya kuambukiza ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na kisukari. Baadaye, watafiti wa Hospitali ya Rufaa ya KCMC na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walitembelea kaya za Moshi, mjini na vijijini, na kupima watu wazima 481. Asilimia 5.7 walikuwa na kisukari, na asilimia 21.7 walikuwa na hitilafu katika udhibiti wa sukari mwilini. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano.

Namba hizi haziwezi kuwekwa katika mstari mmoja na kusomwa kama ngazi, kwa kuwa rika za waliopimwa na aina za vipimo hazifanani. Lakini zote zinaelekea upande mmoja, na upande huo si mwema.

Ili kuelewa kinachotokea ni lazima kwanza kuelewa kazi ya insulini. Hiki ni kichocheo kinachotengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuziwezesha chembechembe za misuli, ini na mafuta kupokea sukari kutoka kwenye damu. Mtu anapoongezeka mafuta, hasa yale ya ndani ya tumbo na kwenye ini, na misuli yake ikakaa bila kazi, chembechembe hizo huanza kuwa sugu. Insulini ipo, inabisha hodi, lakini mlango haufunguki vizuri.

Kongosho hujibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi. Kwa muda huo, ambao waweza kuwa miaka mingi, mtu hupimwa sukari na kuambiwa yuko sawa. Ni pale kongosho linapochoka ndipo sukari hupanda. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika milimoli 7.0 kwa lita ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni eneo la hatari.

Hapo ndipo Japani inapoingia katika mjadala huu. Wajapani si watu wanene wakilinganishwa na Wamarekani au Wazungu wa Ulaya, na ilitarajiwa kisukari kiwe kidogo kwao. Badala yake, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 nchini humo ulikadiria kuwa watu wazima wapatao milioni 10 walikuwa na dalili zote za kisukari, na wengine milioni 10 walikuwa ukingoni.

Maelezo ya wataalamu ni kwamba kongosho la Wajapani wengi lina akiba ndogo ya insulini. Katika utafiti uliofanyika Saku, katikati ya Japani, na kuchapishwa mwaka 2013, upungufu wa utoaji wa insulini ulionekana kuchangia wagonjwa wapya zaidi kuliko usugu wa mwili. Usugu mdogo tu, ambao mwili wa Mzungu ungeustahimili kwa kutoa insulini zaidi, unatosha kumwangusha Mjapani mwembamba.

Kwa sababu hiyo, Japani ilishusha vipimo vyake. Wakati WHO humwita mtu mnene kupita kiasi anapofikisha uwiano wa uzito na urefu wa 30, Wajapani huanza kuhesabu kwenye 25. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.70, hiyo ni tofauti ya kilo 72 na kilo 87. Tangu mwaka 2008 sheria ya nchi hiyo inataka watu wa miaka 40 hadi 74 wapimwe afya kila mwaka, ikiwa ni pamoja na mzunguko wa kiuno, ambao kikomo chake ni sentimeta 85 kwa mwanamume na 90 kwa mwanamke.

Je, haya yanamhusu vipi mkazi wa Majengo, Pasua au Marangu? Jibu limeanza kutoka Mwanza. Watafiti waliopima watu wazima huko kaskazini-magharibi mwa Tanzania waliripoti mwaka 2021 kwamba, miongoni mwa wenye kisukari na walio ukingoni, udhaifu wa kongosho ulikuwa na uzito mkubwa kuliko usugu wa insulini peke yake. Kwa hiyo, Mtanzania mwembamba naye yumo katika orodha ya walio hatarini, kama alivyo Mjapani.

Wakati huo huo, njia ya pili, ile ya usugu, inazidi kupanuka Kilimanjaro. Vihamba vimegawanywa kwa warithi hadi vimebaki vipande vidogo, bei ya kahawa iliyowasomesha watoto wa mkoa huu tangu enzi za mwanzo za chama cha ushirika cha KNCU imeyumba mara nyingi, na vijana wameshuka mjini au kuhamia Arusha na Dar es Salaam. Mteremko ambao mama alikuwa akiutembea hadi soko la Mbuyuni sasa anaupita juu ya bodaboda. Mtori na machalari yamepata wapinzani katika chipsi, chapati na soda.

Kwamba mabadiliko ya aina hii huonekana haraka si jambo la kubahatisha. Utafiti uliowafuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba baada ya miezi 12 tu walikuwa wameongezeka uzito kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili, na kazi za nguvu walizokuwa wakifanya zilikuwa zimepungua sana.

Gharama ya kuchelewa ni kubwa. Watafiti wale wale wa Moshi walikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 15.2 ya watu wazima wa mjini, dhidi ya asilimia 2.0 ya wa vijijini. Kisukari si chanzo pekee, lakini ni miongoni mwa vyanzo vikuu duniani. Kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki ni mzigo ambao familia nyingi huubeba kwa kuuza ng'ombe, kisha shamba.

Wapo wanaodai kwamba nchi yenye malaria, kifua kikuu na Ukimwi haina nafasi ya kushughulikia ugonjwa huu. Hoja hiyo inasahau kuwa kisukari humwongezea mtu hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu. Mkoa wenye Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha, ambayo kwa miongo mingi imetibu wagonjwa wa kifua kikuu kutoka nchi nzima, unapaswa kuwa wa kwanza kuuona uhusiano huo.

Ni kweli kwamba vipimo vya Japani haviwezi kuchukuliwa kama vilivyo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipotoa mwongozo wake mwaka 2006 liliwataka Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie vikomo vya kiuno vya Wazungu, yaani sentimeta 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, hadi takwimu zao zipatikane. Kinachopaswa kuigwa ni uamuzi wa Wajapani wa kuwapima watu wao kwa vigezo vinavyowafaa, na kuwapima kabla hawajaugua.

Tena kuna ushahidi kwamba kuwahi kunalipa. Mwaka 2005 watafiti wa Japani waliripoti kuwa wanaume waliokuwa ukingoni, na kupewa ushauri wa karibu wa chakula na mazoezi kwa miaka minne, walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 67 kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kawaida. Marekani nayo mwaka 2002 ilipata punguzo la asilimia 58 kwa njia hiyo hiyo. Hakuna dawa ngeni iliyotumika katika makundi hayo. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata insulini ikiwa kidogo.

Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Magonjwa Yasiyo ya Kuambukiza mwaka 2019, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kipimo cha kweli cha hatua hizo hakitakuwa idadi ya wagonjwa wanaofika KCMC au Mawenzi wakiwa na vidonda vya miguu. Kitakuwa ni iwapo mkulima wa miaka 45, asiye na kitambi, anayekwenda zahanati ya kijiji chake kwa kikohozi, ataondoka akiwa amepimwa pia sukari na kuulizwa kama mzazi au ndugu yake ana kisukari. Vivyo hivyo kwa mama aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito au kujifungua mtoto wa zaidi ya kilo nne.

Utepe wa fundi cherehani na tone la damu kidoleni vinatosha kuanzia. Wazee walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na kwa mgonjwa wa kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, mwiba huo anaweza asiusikie kabisa unapoingia.