Hazina ya maktaba za vyuo isiyomfikia mwalimu wa Misikhu

MWALIMU anayeishi Misikhu, kando ya barabara kuu ya Webuye kuelekea Kitale, akijiandikisha kusomea shahada wakati wa likizo, huhudhuria chuo kwa wiki chache tu za Aprili, Agosti na Desemba. Miezi mingine yumo shuleni kwake, mbali na rafu za vitabu, ilhali insha na utafiti wa tasnifu vinamsubiri.

Zamani mkazi wa eneo hili aliyetamani elimu ya juu alilazimika kwenda Nairobi au, kuanzia 1984, Chuo Kikuu cha Moi karibu na Eldoret. Leo kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega, kilichoundwa kwa sheria ya 2006, na kile cha Kibabii, Bungoma, kilichotunukiwa hati yake mwaka 2015. Vyuo vimesogea karibu na wananchi. Swali ni iwapo maktaba zake nazo zimesogea.

Kwa upande wa machapisho, hali si mbaya kama wengi wanavyodhani. Tangu 2003, vyuo na taasisi za utafiti nchini zimeshirikiana chini ya muungano wa maktaba ujulikanao kama KLISC, kuchangia ada za majarida ya kielektroniki ambazo chuo kimoja kisingezimudu peke yake. Aidha, mpango wa HINARI, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, umefungulia mataifa yanayostawi majarida ya tiba kwa bei nafuu au bila malipo.

Hata hivyo, mlango wa hazina hiyo una kufuli. Kwa kawaida, mwenye jarida humtambua msomaji kupitia mtandao wa chuo. Aliyeketi bewani hufunguliwa mara moja. Aliye Misikhu na simu yake mkononi huombwa alipe kwa dola ili asome makala moja tu. Ufunguo upo, kwani maktaba inaweza kumpa nywila ya kumwezesha kuingia akiwa popote. Lakini ni nani atakayemwambia? Mara nyingi habari hiyo hutolewa siku ya kwanza ya masomo, pamoja na mambo mengine mengi, kisha ikasahaulika.

Pengo hilo haliwaathiri wanafunzi pekee. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 viliwataka wahadhiri wawe wamechapisha makala ndipo wapandishwe vyeo. Shinikizo hilo limewanufaisha wachapishaji matapeli, wanaopokea ada na kutoa makala bila kuyahakiki. Mkutubi ndiye mwenye ujuzi wa kuyatenga majarida halisi na ya ulaghai, lakini ushauri wake hauna faida iwapo mhadhiri humwendea baada ya kulipa.

Ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga vyuo Machi 2020, ilibainika kwamba maktaba si jengo tu. Rafu zilifungwa, na huduma iliyosalia ni ile iliyoweza kupita katika simu na barua pepe. Funzo hilo halifai kusahaulika kwa sababu milango imefunguliwa tena.

Kuna wanaohoji kwamba vyuo vinavyolemewa na madeni haviwezi kuajiri wakutubi zaidi. Hoja hiyo ina uzito, lakini mengi yanayohitajika hayadai ajira mpya. Kila kitivo kinaweza kutengewa mkutubi mmoja anayejulikana kwa jina, anayealikwa katika vikao vya kutunga mitaala na anayetuma ujumbe mfupi kila wiki kueleza kilichoingia na jinsi ya kukipata. Muhimu zaidi, ujumbe huo uwe na njia ya kujibiwa, ili msomaji aseme anachokosa.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Bajeti zinapopunguzwa, jarida lisilosomwa huwa la kwanza kufutwa, kwa maana takwimu za matumizi ndizo hutazamwa. Kimya baina ya mkutubi na msomaji kikiendelea, hazina iliyokusanywa kwa zaidi ya miaka 20 inaweza kupunguzwa kwa kisingizio kwamba haikuhitajika, hali mwalimu wa Misikhu aliihitaji kila jioni.